Unguja, Pemba, Mafia au Lamu: kisiwa kipi kwa anayesafiri peke yake?

Saa kumi na mbili na nusu jioni ndiyo saa ngumu kwa mtu aliyesafiri peke yake. Mchana hauna tabu. Kuna bahari, kuna jua, kuna mchanga wa kutembea mpaka miguu ichoke, na mchana visiwa vyetu vya mwambao vinafanana kuliko watu wanavyodhani. Jua likishazama na adhana ya magharibi ikishatolewa, familia zinaingia ndani, wapenzi wanatafuta meza ya wawili, na wewe unabaki umesimama na ufunguo wa chumba mkononi. Hapo ndipo unapojua kama ulichagua kisiwa sawasawa.

Nimekwenda Unguja, Pemba, Mafia na Lamu, vyote peke yangu, kwa miaka tofauti na kwa sababu tofauti. Mimi ni mwanamke wa bara, nimekulia Tabora, kazi yangu iko Dar es Salaam, na safari nalipia kwa mshahara. Ninayoandika hapa nimeyapima kwa kipimo hicho. Wanaoniomba ushauri karibu wote huanza kwa kuuliza ufukwe upi ni mweupe zaidi. Mchanga mweupe upo kote kunne. Mimi huwarudishia swali jingine: jioni unataka kuwa na nani?

Kila kisiwa kilinipokea kwa swali lake, na swali lile la kwanza lilikuwa limebeba karibu kila kitu nilichokuja kukiona baadaye. Unguja, kabla sijatoka geti la bandari, niliulizwa: "Dada, unakwenda hoteli gani?" Mafia nahodha alinitazama, akatazama nyuma yangu, akauliza: "Mko wangapi?" Lamu mama mwenye nyumba aliniuliza nitakaa siku ngapi, na nilipomwambia nne akasema ni chache, nitaondoka kabla hajanizoea. Pemba niliulizwa jambo ambalo sijaulizwa mahali pengine popote: "Umekuja kwa nani?" Hawakuuliza nimekuja na nani. Kwao mtu anayeshuka kwenye boti lazima awe na mwenyeji anayemngoja.

Jioni za Unguja na jioni za Lamu

Unguja ni rahisi kuliko vyote kwa mtu ambaye hajawahi kusafiri peke yake, na sababu kubwa ni Mji Mkongwe. Jioni unateremka Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, na hakuna anayekushangaa kwa kuwa peke yako, maana nusu ya watu waliopo pale ni wapita njia. Vijana wanajitupa baharini kutoka ukutani wakishindana kwa mikogo. Wauza miwa wanakamua kwa ndimu na tangawizi. Unaagiza urojo, unakaa kwenye kingo ya bustani na bakuli lako, na ndani ya dakika kumi mtu amekuuliza umetoka wapi. Ushauri wangu kuhusu Forodhani ni mmoja tu: uliza bei kabla kitu hakijawekwa kwenye makaa. Yale mafungu ya kamba na pweza yaliyopangwa kwa kupendeza yamepangwa kwa ajili ya mgeni, na bei yake hutegemea uso wako. Urojo, mishkaki na chipsi za muhogo wanakula wenyeji, na hapo hutadanganywa.

Tatizo la Unguja ni kwamba wageni wengi hulala mjini usiku mmoja tu kisha wanakimbilia ufukweni, na huko jioni zinatofautiana mno. Nungwi na Kendwa kuna muziki, kuna umati, na kuna mapapasi, vijana wanaowafuatafuata wageni kuwauzia safari, ambao hawachoki. Mtu anayetaka kukutana na watu atawapata, lakini wengi wamekuja wawiliwawili. Paje ni afadhali kwa asiye na mwenzake. Pamejaa vijana wanaojifunza kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara, wengi wao wamekuja peke yao, na kuna nyumba za wageni zenye vyumba vya vitanda vya dabodeka ambako unalipia kitanda, hulipii chumba kizima. Kwa mfuko wa mtu mmoja hilo ni jambo kubwa. Jambiani, kijiji kinachofuata upande wa kusini, ni pa utulivu. Mimi ndipo ninapopapenda. Jioni kijiji kinakuwa kijiji, watoto wanatoka chuo cha Kurani na juzuu zao, na ukinunua mkate wa mofa dukani siku mbili mfululizo, ya tatu unaitwa kwa jina.

Lamu nayo inakuweka karibu na watu, ila kwa namna nyingine kabisa. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na watu husema miji hii miwili ni ndugu. Ni ndugu kweli, lakini Mji Mkongwe umekuwa mji wa wageni na Lamu bado ni mji wa wenyewe. Vichochoro vyake havipitiki kwa gari, mizigo inabebwa na punda, na unapotembea lazima masikio yawe wazi kwa sababu mwenye punda akipiga kelele nyuma yako unatakiwa ujibane ukutani.

Nilipanga chumba cha juu katika nyumba ya zamani, ya mawe, yenye vidaka ukutani na uwazi wa paa unaoonyesha bahari. Jioni ya pili nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikisubiri joto lipungue. Bibi wa nyumba ya jirani alikuwa mlangoni na bakuli la mbaazi mapajani, anachambua. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Ndoo." Kiamu husema "ndoo" kwa "njoo", na maji kwao ni "mai". Nilikwenda nikakaa naye kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, akanisogezea bakuli, tukachambua mbaazi bila mazungumzo mengi mpaka adhana. Hakuniuliza kwa nini sina mtu. Aliniuliza Tabora mvua zimenyesha?

Kwa hiyo kati ya hivi viwili, ukitaka kukutana na wageni wenzako, nenda Unguja. Ukitaka wenyeji wakujue, nenda Lamu, na ukae si chini ya siku tano. Siku mbili Lamu ni kupoteza nauli.

Jioni za Pemba na jioni za Mafia

Pemba nilikwenda miezi mitatu baada ya msiba wa mama yangu. Sikutaka muziki, sikutaka mtu wa kuniuliza hali. Kama nawe una jambo la kubeba mwenyewe, ruka aya zote zilizotangulia, Pemba ndiyo.

Watu wa bara hudhani Pemba ni Unguja ndogo. Si hivyo. Unguja ni tambarare kwa sehemu kubwa, Pemba ni vilima na mabonde ya kijani, na kati yake na Unguja kuna mkondo wenye bahari kali. Miji ni mitatu, Mkoani kwenye bandari, Chake Chake katikati na Wete kaskazini, na yote mitatu hulala mapema. Jioni Chake Chake baada ya isha kuna mabanda machache yanayouza pweza, chapati na supu, na wazee wanaokunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Saa tatu usiku kumetulia. Usiposhiba kabla ya hapo utalala na njaa, kwa hiyo nunua ndizi na mkate mchana uweke chumbani. Hakuna pa kwenda. Unarudi, unalala au unasoma, na unasikia wadudu.

Mchana mmoja nilichukua gari la kwenda Konde kisha pikipiki mpaka msitu wa Ngezi. Njiani, msimu ule, karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi pembezoni mwa barabara, kijiji baada ya kijiji. Nilisimama mahali mama mmoja alipokuwa akizigeuza kwa mguu, anaburuza unyayo taratibu kama mtu anayechora mistari mchangani, ili za chini zije juu. Zilizokuwa mbichi bado zina rangi ya kijani na wekundu kidogo, zilizokauka zimekuwa kahawia iliyoiva. Ndipo aliponiuliza nimekuja kwa nani. Nikamwambia sina mtu Pemba, nimekuja tu. Alinyamaza, akachota kiganja cha karafuu kavu, akanifungia kwenye kipande cha gazeti, akasema: "Basi ukirudi kwenu utasema umekuja kwangu." Kile kifurushi bado kiko kabatini mwangu na nguo zinanukia.

Ngezi yenyewe ni msitu wa asili uliobaki katika kisiwa ambacho sehemu yake kubwa ilipandwa mikarafuu. Humo wanaishi popo wa Pemba, wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya dhahabu iliyokolea, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Ukivuka msitu unafika Vumawimbi, ufukwe mrefu mweupe, na siku niliyokwenda nilikuwa mtu pekee niliyekanyaga ule mchanga. Kwa uzuri, sijaona kama huo katika visiwa vyote vinne. Lakini nasema kwa mkazo: usiogelee Vumawimbi peke yako. Ukizidiwa na maji hakuna wa kukuona.

Mafia ni kimya pia, ila ni kimya cha aina nyingine. Pemba ukimya uko kijijini, pamoja na watu. Mafia, usipokuwa mwangalifu, unaweza kujikuta umejifungia kwenye hoteli ya Utende, ghuba ya Chole, unakula chakula cha jioni mbele ya wapenzi wanne na wazamiaji wanaozungumza mambo ya mitungi ya hewa. Hiyo ndiyo jioni iliyonielemea kuliko zote. Usiku wa tatu nilihamia Kilindoni, mji mkuu wa wilaya, nikapata gesti ya kawaida karibu na soko, na mambo yakabadilika. Kilindoni jioni kuna samaki wa kukaanga, kuna wali wa nazi, kuna mpira kwenye luninga ya kibanda na wanaume wanaobishana. Mimi ningemshauri Mtanzania yeyote anayekwenda Mafia peke yake alale Kilindoni na Utende aende mchana.

Boti, na hesabu ya mtu mmoja

Hapa ndipo watu wengi hukosea bajeti. Chumba cha watu wawili ukilala mwenyewe unalipa karibu chote. Hilo unalijua tangu nyumbani. Usilolijua ni boti. Mashine inakunywa mafuta yaleyale ukiwa mmoja au mkiwa wanane, nahodha na msaidizi wake wanataka ujira uleule, na kwa hiyo swali la "mko wangapi?" ni swali la fedha.

Unguja hesabu hii inakuwa nyepesi kwa sababu watu ni wengi. Safari ya Changuu, ya ghuba ya Menai kutoka Fumba, ya Mnemba kutoka Matemwe au Nungwi, zote huuzwa kwa kichwa. Unajiandikisha leo, kesho unapakiwa na watu usiowajua, na mara nyingi ndio unaokula nao jioni. Lamu vilevile, ila kwa mwendo wa pale: nahodha wa mashua atakuambia subiri, atazunguka gatini kutafuta wengine wawili watatu, na jioni au kesho yake mtakwenda Manda kuona magofu ya Takwa, mvue samaki njiani na mle wakiwa wa moto. Usiwe na haraka na hutalipia boti nzima.

Pemba jiandae kulipia boti yote. Kisiwa cha Misali, ambacho maji yake yanahifadhiwa na ambacho wenyeji hukihusisha na msala wa kuswalia, kinafikiwa kwa boti kutoka upande wa Wesha, karibu na Chake Chake. Wageni ni wachache kiasi kwamba unaweza kukaa siku nne usipate wa kuchanga naye. Mimi nililipa boti nzima mara moja, nikajinyima vingine, na sijutii. Ila niliomba mapema nahodha aje na mke wake na watoto kama wanapenda. Walikuja watano na sufuria la wali.

Mafia nina kisa. Nilikwenda kwa ajili ya papa potwe, yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, asiye na madhara, ambaye hukusanyika mbele ya Kilindoni kuanzia kama Oktoba mpaka Februari au Machi. Nilimlipa wakala malipo ya awali kwa simu nikiwa Dar. Asubuhi ya siku yenyewe nikaambiwa boti haitoki, abiria ni mmoja. Fedha wakasema itahesabiwa siku nyingine, na siku nyingine ikawa hivyohivyo. Nilikaa siku mbili nikitazama bahari niliyoijia. Siku ya tatu familia moja kutoka Dodoma, baba, mama na mabinti wawili, waliniona nimekaa pale gatini, yule mama akaniuliza, "Dada, wewe nawe unamtafuta potwe?" Tukaenda pamoja.

Nahodha alisimama mbele ya boti, mkono kwenye paji la uso, hatazami mbali, anatafuta kivuli chini ya maji. Alipokiona hakupiga kelele. Alinyoosha tu kidole. Niliingia majini na barakoa usoni na kwa muda sikuona kitu, maji yalikuwa na ukungu wa vijidudu vidogo ambavyo ndivyo chakula chake. Kisha ukungu ukawa na madoa. Madoa meupe, yamepangika kwa mistari kama kitambaa kilichotariziwa, yakapita mbele yangu taratibu, yakaendelea kupita, mpaka nikaona mkia. Utaratibu wa pale ni kutomgusa na kukaa mbali naye kidogo, nami sikuhitaji kukumbushwa.

Kwa hiyo Mafia usilipe chochote mpaka ujue kwa hakika siku hiyo wako abiria wengine, na panga siku mbili za ziada. Ukiingia eneo la Hifadhi ya Bahari, ambayo ilianzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza nchini, kuna kiingilio kinachohesabiwa kwa siku. Mgeni wa nje hulipa zaidi ya Mtanzania, hivyo beba kitambulisho cha taifa.

Kufika

Unguja haina maelezo mengi. Boti ya kasi kutoka Dar ni kama saa mbili, ndege ni dakika ishirini. Nunua tiketi dirishani, usinunue kwa mtu anayekufuata barabarani. Asiye Mtanzania aangalie na bima ya lazima ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024, ambayo ilianza kwa dola 44 kwa mtu mzima.

Pemba unapanda boti Unguja mpaka Mkoani, au ndege ndogo mpaka uwanja ulio karibu na Chake Chake. Mkondo wa Nungwi huwa mbaya wakati wa kusi, ule upepo wa kusini wa Juni mpaka Septemba. Ni katika njia hii, Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilizama ikiwa imejaza kupita kiasi, na Pemba nzima ilikuwa msibani. Watu wa kule hawajalisahau tukio lile. Ukiona chombo kimejazwa watu mpaka kwenye njia, shuka, hata kama umeshalipa. Ukiwa peke yako hakuna mtu mwingine wa kukuambia ushuke.

Mafia kwa ndege ni kama nusu saa kutoka Dar. Kwa mfuko mwembamba, magari yanatoka Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, na pale kuna kivuko cha MV Kilindoni na boti za watu binafsi. Safari hii inakula siku nzima. Ulizia ratiba siku moja kabla, maana upepo na matengenezo huibadilisha.

Lamu ndiyo mbali. Kwa Mtanzania ni pasipoti, kadi ya homa ya manjano, basi mpaka Mombasa kupitia Horohoro, kisha basi jingine kupitia Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, na boti ya mwisho kuvuka. Ndege hutua Manda, ng'ambo ya mji. Barabara ya Garsen kwenda Lamu imewahi kuwa na matatizo ya usalama, hasa kuanzia shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na kwa muda mabasi yalisindikizwa na polisi. Uliza hali ya njia wiki hiyohiyo unayosafiri, uwaulize watu wa Lamu wenyewe na ofisi za mabasi. Ukiambiwa ngoja, ngoja. Mwenye uwezo wa ndege apande ndege.

Maji kupwa na maji kujaa

Hili sisi watu wa bara hatufundishwi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo huwa bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Paje, Bwejuu na Jambiani bahari hupwa mpaka ukaiona kama mstari mweupe mbali kwenye mwamba. Aliyekuja kuogelea hukasirika. Lakini ndipo akina mama wanaposhuka na kamba zao kwenda kwenye mashamba ya mwani, nawe ukiomba ruhusa kwanza unaweza kwenda nao ukaona wanavyofunga miche kwenye kamba, na hiyo ni asubuhi bora kuliko kuogelea. Usitembee mpaka mwambani peke yako. Maji yanaporudi hayaji kutoka mbele tu, hujaza kwanza mifereji iliyoko nyuma yako. Nungwi na Kendwa unaogelea karibu saa yoyote. Lamu, ile njia ya ufukweni ya kwenda Shela, mwendo wa kama dakika arobaini, maji yakijaa hukatika, kwa hiyo ukienda kula jioni Shela weka nauli ya boti ya kurudia. Nimeona wageni wawili wakivuka usiku na viatu mkononi, maji kiunoni, na sikupenda.

Mwanamke peke yake

Hakuna kisiwa kati ya hivi nilichoogopa. Kuna niliposumbuliwa na kuna niliposhangaliwa. Unguja nilisumbuliwa, hasa Nungwi na bandarini, na dawa yake ni kusalimia kwa adabu, kusema "sihitaji, kaka, ahsante," na kuendelea kutembea bila kusimama. Ukisimama kueleza, umeshaanza mazungumzo. Ufukweni usiku usitembee, iwe Paje iwe Nungwi. Shela ufukwe una vilima vya mchanga na unaenda kilomita nyingi bila nyumba. Huko mbali usiende mwenyewe hata mchana.

Pemba nilishangaliwa, lakini hakuna aliyenigusa wala kunifuata. Nilivaa gauni refu na mtandio, na mlango wa kila nyumba ulifunguka. Mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni katika visiwa vyote vinne. Mji Mkongwe watu wameshazoea kuona mapaja na hawasemi, ila kutosema kwao kusikufanye udhani wameridhika.

Mwezi wa Ramadhani ni jambo la kuamua kabla ya kukata tiketi. Mchana migahawa mingi ya wenyeji hufungwa na kula au kunywa hadharani ni kukosa heshima, Zanzibar unaweza hata kukamatwa. Asiyefunga ataona mchana mrefu. Lakini jioni zake! Mimi nisiye Mwislamu nilialikwa futari mara tatu katika siku nne nilizokaa Jambiani, muhogo wa nazi, tambi, maharage ya nazi, uji wa pilipili manga. Kwa aliye peke yake hakuna mwezi wenye jioni bora zaidi, akijua kuvumilia mchana.

Kuugua nako tufikirie. Unguja kuna hospitali ya Mnazi Mmoja mjini na zahanati binafsi kadhaa. Pemba kubwa ni ya Abdalla Mzee, Mkoani. Mafia kuna ya wilaya Kilindoni na Lamu kuna King Fahd. Andika namba ya ndugu mmoja kwenye karatasi uiweke pamoja na kitambulisho, na kila jioni mwenye nyumba ajue kesho unakwenda wapi. Fedha taslimu beba zaidi Pemba na Mafia, mashine za benki ni chache na siku nyingine hazina kitu.

Miezi

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, baadhi ya hoteli za Unguja hufunga na bei hushuka. Mvua ikishika, siku ya mtu mmoja chumbani huwa ndefu. Mimi nisingekwenda Mafia wala Pemba wakati huo. Juni mpaka Septemba ni kusi, baridi ya kupendeza, bahari ya nje inachafuka: nenda Unguja au Lamu. Kaskazi, Desemba mpaka Februari, joto kali na bahari tulivu: huo ni wakati wa Mafia kwa sababu ya potwe. Pemba nenda Septemba au Oktoba, kusi linapolegea, na kama mwaka ni mzuri majamvi ya karafuu yatakuwa barabarani.

Na kama hii ndiyo safari yako ya kwanza ya peke yako na una siku sita tu, lala Mji Mkongwe siku mbili na Jambiani siku nne. Utakaporudi, Pemba itakuwa mwendo wa boti moja mbele, na ukiulizwa umekuja kwa nani, taja kijiji cha njia ya Konde, wanapoanika karafuu.